Kufuli ya Mama Chebet na Tundu Lake Jembamba

Kimulot, kwa Mama Chebet,
Jumanne jioni.

Mpenzi Baba Atieno,

Pokea salamu zilizolowa ukungu, maana mwezi huu wa saba huku hata salamu hazikauki. Mimi niko salama. Nakula, nalala, na ile sweta uliyonitumia naivaa mpaka kitandani. Sijui nyinyi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie asidanganywe na siku moja ya jua akaanza kutembea mpaka ziwani. Na Atieno, kikohozi kimeisha ama bado mnampa zile dawa zenu za majani machungu? Nimesikia amefanya vizuri darasani na kwamba unajifanya hushangai. Wewe shangaa tu, mtoto aone.

Sasa kaa chini. Najua barua zangu unazisoma umesimama kwenye baraza la ofisi, ukipitisha macho upesi kutafuta ni lini tutaonana. Hilo liko mwishoni. Hapa katikati ni habari za kufuli, na najua uso wako umeshaanza kubadilika.

Kwenye barua yako ya mwisho uliniandikia, kwa ule mwandiko wako wa kusahihisha insha, kwamba haifai mke wa mwalimu kuwa mtu wa kuchokonoa kufuli. Uliuliza watu watasema nini. Nilikasirika mpaka chai ikanipalia. Halafu nikacheka, kwa sababu nilikuona ukiandika huku umekunja kipaji. Lakini sikuacha. Ningekuambia nimeacha ungekuwa uongo, na sisi tuliahidiana kwamba umbali usitufanye tudanganyane.

Unakumbuka ilivyoanza. Ufunguo wa sanduku langu ulipotea, nikalibeba mpaka kwa yule mzee wa kufuli sokoni Kericho, mtu wa Kedowa. Nilidhani atavunja. Yeye alitoa vyuma viwili vyembamba mfukoni, akachezesha kama mtu anayetoa nyama kwenye jino, kufuli ikafunguka bila kuumia. Baba Atieno, mikono yangu iliwasha. Tangu siku hiyo kila nikienda mjini ananipa kufuli kuukuu ambazo funguo zake zilipotea, na ananifundisha bila haraka. Wanawake wengine Jumapili baada ya kanisa wanafuma vitambaa vya viti. Mimi nafungua kufuli. Kitambaa kikiisha kinatandikwa, basi. Kufuli ikifunguka inaruka mkononi mwako, na moyo unaruka nayo.

Acha nikueleze vizuri, maana nisipokueleza wewe nitamweleza nani, ng'ombe? Ndani ya kufuli kuna pini ndogo zimepanga mstari, kila moja inasukumwa na springi yake. Kazi ya ufunguo ni kuziinua pini zote hadi pale zinapotakiwa, ndipo moyo wa kufuli unazunguka. Sisi tusio na ufunguo tunatumia vitu viwili. Kimoja nakiita kigeuzio. Ni kipande cha chuma kilichopindwa, unakiweka mdomoni mwa tundu na kukibonyeza kidogo sana, kama mtu anayetaka kuzungusha ufunguo lakini amesita. Cha pili ni kichokonoo, chembamba, chenye pua iliyoinuka, na hicho ndicho kinaingia ndani kuinua pini moja baada ya nyingine. Pini ikifika mahali pake unaisikia kwenye ncha ya kidole, tk, kidogo hivi. Ukitumia nguvu umeharibu. Unanijua, mimi na upole hatukulelewa nyumba moja, lakini kufuli imenifundisha adabu.

Shida yangu ilikuwa vichokonoo vyenyewe. Vya kwanza nilitengeneza kwa spoku za baiskeli, nikazigonga kwa nyundo mpaka zikalala bapa. Kwa zile kufuli kubwa za zamani, zenye tundu kama mdomo wa kambare, zilifanya kazi vizuri, nikaanza kutembea kifua mbele. Ndipo mzee akanipa kufuli ndogo ya shaba, akanitazama akitabasamu. Tundu lake lilikuwa jembamba, limejipinda kama kijia cha kushuka mtoni. Spoku iligoma mlangoni. Nikachonga vingine kwa kipande cha msumeno wa chuma. Hivyo viliingia, lakini mgongo wake ulikuwa mpana. Nikiinua pua nifikie pini ya nyuma, mgongo unazisukuma za mbele kupita kiasi. Nikaupunguza kwa tupa, nikapunguza mno, kimoja kikakatikia ndani. Nilisema maneno ambayo mke wa mwalimu hasemi.

Nilimrudia mzee nimenuna. Akaniambia, "Mama, wewe unataka chuma moja ya kufungua kufuli zote. Hakuna. Angalia mdomo ya kufuli kwanza, ndio uchague. Na hii ya kuzungusha umeweka wapi? Umejaza huku chini kote. Sasa hii ingine itapita wapi?"

Nikachungulia. Kweli, kigeuzio changu kilikuwa kipana na kilikaa chini ya tundu, nafasi ile ile kinayoihitaji kichokonoo. Nilikuwa kama mtu anayeingiza kitanda ndani huku amesimama mlangoni. Mzee akanionyesha kukiweka juu, upande wa pini, kwenye ukingo tu, kiwe kifupi na bapa, ili chini kubaki wazi. Na kichokonoo cha tundu jembamba, akasema, kiwe chembamba kwa unene na kifupi kwa mgongo, lakini kiwe cha chuma kinachojirudi. Chuma laini kinapinda na kubaki kimepinda, na chuma kikavu kinakatika.

Nikaanza kutafuta chuma cha namna hiyo. Niliuliza kwa mafundi wa baiskeli, nikaharibu mwavuli wangu mzuri, hata saa mbovu nilifungua. Na kumbe nilikuwa nakikanyaga kila siku. Kule kiwandani kwenye chumba cha kupakia majani, ninakofanya kazi, magunia mapya ya karatasi huletwa kwa marobota, na kila robota limefungwa kwa utepe wa chuma. Tukifungua tunaukata na kuutupa. Siku moja utepe ulinirukia ukanichapa kifundo cha mguu, na badala ya kulia nikauokota. Niliupinda, ukarudi. Niliupinda tena, ukarudi. Nikamwomba msimamizi vipande, akauliza vya nini, nikasema vya kukwangulia sufuria. Akaniambia nichukue hata gunia zima.

Nilikaa na tupa na jiwe la kunolea nikachonga. Kimoja pua ndogo kama nusu punje ya mchele, kingine pua imeinuka zaidi kwa ajili ya pini za nyuma, na kigeuzio chembamba cha kukaa ukingoni. Kufuli ya shaba ilifunguka Jumapili mvua ikinyesha juu ya mabati. Nilicheza peke yangu chumbani mpaka kitanda kikalia.

Peke yangu, nimesema, kwa sababu hapa hakuna aliyejua. Unajua jinsi ninavyoishi. Mama Chebet ndiye mwenye boma, yeye na mume wake na mama mkwe wake mzee tunayemwita Kogo, yaani bibi. Wana shamba la majani chai, ng'ombe wa maziwa, na vyumba vya kupangisha, kimoja changu. Wananipenda. Lakini mimi ni mpangaji na ni mtu wa kutoka ziwani, na mgeni ni mgeni hata akizoea baridi. Mwaka jana pasi ya makaa ilipopotea kwa jirani, chumba cha kwanza kupekuliwa kilikuwa cha yule kijana wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi kwenye boila ya kiwanda. Pasi haikuonekana kwake. Hakuna aliyemwomba radhi, naye akahama kimyakimya. Sasa fikiria mtu wa ziwani anayefungua kufuli bila ufunguo. Kikipotea kijiko tu, ni mimi. Ndiyo maana nilikuwa nafungua kufuli zangu nimefunga mlango na kuongeza sauti ya redio. Mzee wa kufuli naye alikuwa amenionya tangu mwanzo, "Fungua yako, ama ya mtu amesimama hapo anakuambia fungua. Ingine usiguse."

Sasa tufike Jumamosi.

Chebet, binti yao mkubwa, yule aliyenifundisha kukama, alikuwa anachumbiwa. Huku inaitwa koito. Ukoo wa kijana unakuja kwa ukoo wa msichana, wanaketi, wanazungumza mambo ya ng'ombe mpaka waelewane. Wageni walikuwa wanatoka Kiptere. Na wageni wa koito wasipopewa mursik ni kama hawakupokelewa. Mursik unaijua, ni yale maziwa ya kibuyu yaliyolala siku nyingi na unga wa makaa ndani, uliyoonja ukakunja uso kama umemeza shubiri. Mama Chebet alikuwa ameyatunza haya tangu wiki nzima kabla ya siku hiyo, kwenye chumba kidogo cha mbao kando ya jiko wanachoita stoo ya maziwa. Kwenye vibuyu vyake hana mchezo. Anayeviosha ni yeye, Kogo, na mabinti wa nyumba. Mimi nimeoshea watu wa boma hilo sahani, sufuria na hata mtoto, lakini kibuyu nilikuwa nakipisha njia.

Kwa sababu ya sherehe Baba Chebet alinunua kufuli mpya ya ile stoo. Ile ya zamani ilikuwa haifungi bila kuzungusha ufunguo, kwa hiyo hata ungetaka usingeweza kuuacha ufunguo ndani. Hii mpya unaibonyeza tu, inajifunga. Asubuhi Mama Chebet aliingia kupanga vibuyu kwenye rafu. Mikono ilikuwa imejaa, akaning'iniza funguo zote, bado zimefungwa pamoja kwa waya wa dukani, kwenye mkanda wa kibuyu kikubwa chenye shanga. Alitaka akija kukichukua cha wakwe asikosee. Akatoka na bakuli, akavuta mlango, akabonyeza kufuli. Tk.

Mimi nilikuwa nakoroga uji wa watoto niliposikia ananiita.

"Mama Atieno, mimi nimekufa. Funguo iko ndani. Nimeweka kwa kibuyu ya wakeni."

Mama Chebet akisema wageni husema wakeni, na asubuhi hiyo aliwataja sana.

Baba Chebet alikuja na shoka. Msumeno usingesaidia, kwa sababu fundi alikuwa amechomelea kwenye komeo kikombe cha chuma kufunika upinde wa kufuli ili wezi wasiukate. Alifanya kazi nzuri mno huyo fundi. Lakini Kogo alisimama mbele ya mlango na fimbo yake.

"Shoka kwa mlango ya maziwa? Siku ya kuombwa msichana? Weka chini."

"Mama, sasa tufanye nini?"

"Weka chini kwanza."

Na hata bila mambo ya mwiko, rafu ya vibuyu iko nyuma tu ya ule mlango. Pigo moja la shoka na koito ingemwagika sakafuni. Jirani mmoja akajitolea kuleta mursik yake. Mama Chebet alimshukuru, "Kongoi," akampa mgongo, akaniambia mimi kwa sauti ndogo, "Maziwa ya kuomba? Si watasema Chebet amelelewa kwa jirani."

Baba Atieno, nilisimama pale na mwiko mkononi, na mikono yangu ikaanza kuwasha. Nilikuwa nimeshaitazama ile kufuli. Nilikuwa nimeshaona mdomo wake mwembamba, na kichwa changu kilikuwa kimeshaingia ndani kuhesabu pini. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Nikinyamaza, wageni watakuja wakae na vikombe vitupu. Nikisema, nitakuwa yule mwanamke wa ziwani anayefungua milango ya watu, kuanzia siku hiyo hadi nitakapohama. Nikamwona Chebet kwenye kigoda, na gauni lake jipya la kijani, amebana mikono kati ya magoti. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama ule mlango tu. Yule mtoto alinifundisha kukama akiwa mvumilivu kuliko wewe ulivyonifundisha baiskeli.

"Mama Chebet," nikasema, "mimi naweza jaribu. Bila kuvunja."

"Utajaribu na nini?"

"Niko na vyuma zangu."

Baba Chebet akageuka. "Vyuma za nini?"

"Za kufungua kufuli."

Baba Chebet aliniangalia, akaangalia shoka, akaniangalia tena. "Mama Atieno, wewe unafunguanga kufuli?"

"Zangu tu. Na hii, kama mtasimama hapa mkiniangalia."

Wakatazamana. Kogo ndiye aliyejibu. "Aende alete."

Nilileta kitambaa changu nilichofungia vyuma, na kwa wasiwasi nikachukua cha kwanza kilichokuja mkononi, kile cha msumeno. Kikakwama mdomoni. Nikakisukuma. Kikakwama zaidi. Nikasikia sauti ya mzee wa kufuli, angalia mdomo kwanza, nikaona aibu. Nikamwomba Chebet amulike kwa tochi, nikachungulia. Tundu lilikuwa jembamba kuliko la ile ya shaba, lina kona mbili, na ukuta mmoja umetokeza ndani kama goti. Hapo nikatulia. Nilichagua kile cha utepe chenye pua ya nusu punje, na kigeuzio chembamba nikakiweka juu kabisa, ukingoni. Kichokonoo kikateleza ndani bila kugusa ukuta. Nilitamani ungeona. Nilitaka kupiga kigelegele pale pale, na kufuli hata haijafunguka.

Lakini kufuli ilikuwa inaning'inia na kucheza. Kogo akatupa fimbo yake, akaishika kwa mikono miwili, ile mikono yake mikavu, ikatulia kama imewekwa kwenye jiliwa la fundi.

Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Na hapo tukasikia nyimbo barabarani. Wageni.

Mama Chebet akakimbia kuwapokea huku akijipangusa uso. Sisi tukasikia wanakaribishwa, viti vinavutwa. Baba Chebet akamwita ndugu yake mzee wa kanisa, akamwambia pale pale nyuma ya jiko, "Enda uombe. Na usiharakishe." Baba Atieno, yule mzee aliomba. Alianza na uumbaji, akapita kwa mababu wote, akaombea mvua, akaombea majani chai, akaombea barabara ya Kiptere. Kila nilipodhani anafikia amina, alikumbuka mtu mwingine mgonjwa.

Pini ya nyuma kabisa haikutaka. Nikabonyeza kigeuzio zaidi ya inavyofaa, zote zikashuka pamoja, kazi yote ikapotea. Kogo alisikia pumzi yangu ikibadilika.

"Pole pole, lakwet," akasema, yaani mtoto. "Huyo mzee bado yuko kwa maombi."

Nikaanza upya. Nilibadilisha kichokonoo, nikachukua kile cha pua iliyoinuka zaidi, nikaanzia huko huko nyuma kwenye ile yenye kiburi. Tk. Halafu ya mbele yake. Halafu nyingine. Kigeuzio kikalegea chini ya kidole changu, moyo wa kufuli ukazunguka, na upinde ukaruka mikononi mwa Kogo. Yule bibi alicheka kama msichana. Chebet alinikumbatia nusura anichome jicho na tochi. Kule barazani nikasikia amina, na watu wengi wakaitikia kwa nguvu, nadhani kwa kushukuru kwamba imekwisha.

Mama Chebet alikuja mbio. Aliitazama kufuli, haina hata mkwaruzo. Akatazama mikono yangu. Alipita, akachukua kibuyu chenye shanga, akatoka nacho.

Wageni walikunywa. Ukoo wa kijana ulisifu mursik mpaka aibu, mambo ya ng'ombe yakaenda vizuri, na Chebet alicheka siku nzima. Nami nilifurahi, wallahi nilifurahi mpaka miguu ilikuwa haigusi chini. Lakini jioni ile Mama Chebet hakuniambia neno juu ya kufuli. Jumapili pia hakuniambia. Jana nilitoka kazini nikamkuta anaongea na mama mmoja langoni, wakanyamaza nilipopita. Furaha yangu ikaanza kupata baridi. Nikajiambia, Nekesa, umejiuza mwenyewe.

Leo asubuhi nilikwenda bombani kuchota maji. Wanawake walikuwa wengi. Mama Kiprono, jirani wa upande wa juu, aliongea bila kunitazama.

"Jembe yangu imepotea. Ilikuwa kwa stoo, na kufuli haijavunjwa. Lakini siku hizi si kuna watu wanafungua bila kuvunja?"

Kila mtu akatazama ndoo yake. Unaujua ulimi wangu. Leo ulilala. Niliona tu chumba changu kinapekuliwa, na kile kitambaa changu kinafunguliwa mbele ya watu.

Mama Chebet aliweka mtungi wake chini. Hakupandisha sauti.

"Mama Kiprono, Ijumaa mimi na Baba Chebet tunaenda Kiptere kwa wakwe. Tutalala huko. Kogo mikono yake imechoka na Chebet tunaenda naye. Mama Atieno ndiye atakama. Na ndiye ataosha vibuyu na kuweka maziwa."

"Vibuyu yako?"

"Vibuyu yangu. Na stoo itakuwa wazi."

"Wazi? Hutafunga?"

"Nifunge ya nini? Hata nikifunga si atafungua."

Wanawake walicheka, hata mimi nikacheka. Mama Chebet hakucheka. Alipandisha mtungi mgongoni akaniambia twende, tumechelewa.

Jioni hii amenikalisha jikoni kunifundisha. Ameninyooshea kibuyu, mkononi, nikakipokea kwa mikono miwili. Amenionyesha kukisugua ndani kwa ule mti mrefu wenye nyuzi, kukichoma kwa kijinga cha moto, kusambaza makaa mpaka ukingo uwe mweusi sawasawa. Nilikosea, akanirudisha mwanzo. Machozi yalinitoka, moshi ukasingiziwa. Ndipo akasema, bila kuinua macho, kwamba siku ile alikosa maneno, na kwamba yule mama wa langoni alikuwa anamshauri anihamishe. Hakuniambia alimjibu nini, lakini nilikuwa nimeshika kibuyu.

Uliuliza watu watasema nini. Basi nimekuandikia waliyosema. Sasa sema na wewe, mwalimu, lakini usiniambie niache.

Shule zikifungwa mwezi wa nane njoo na Atieno, msisingizie mvua. Zawadi sitaki. Niletee ile kufuli ya kabati la ofisi yako iliyokwama, uone.

Msalimie sana Mama, umwambie mke wa mwanawe sasa anajua kibuyu. Msalimie wifi yangu wa samaki, aniwekee omena waliokauka vizuri. Msalimie shemeji fundi wa baiskeli, na umwombe radhi kwa zile spoku, sikumwambia ni za nini. Mwalimu mkuu wako naye msalimie, ila habari za kufuli umsomee kidogo kidogo. Atieno mbusu kwenye kipaji.

Ni mimi mkeo anayekukumbuka hata mikono ikiwa na masizi,
Nekesa, Mama Atieno.

Jumatano asubuhi. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha hii, nimeifungua tena kwa mvuke wa sufuria, usishangae ikiwa imekunjamana. Mama Kiprono amekuja sasa hivi. Jembe limeonekana kwenye mfereji wa shamba lake, mahali alipoliacha mwenyewe akipalilia. Ameniambia akitazama miguu yangu, nami nimemkaribisha chai. Nimefurahi, siwezi kukudanganya. Lakini Mama Chebet alisema yake jana, jembe likiwa bado limepotea.